Mbio za mwisho za bakgamoni: namna ya kuhesabu nafasi ya kushinda

Mchezaji mmoja amebakiwa na kete kumi, zote zimerundikana kwenye kituo cha 1, yaani hatua moja tu kabla ya kutoka ubaoni. Mwenzake amebakiwa na kete mbili tu, moja kwenye kituo cha 6 na nyingine kwenye kituo cha 4. Ukihesabu hatua zilizobaki hadi kete zote zitoke ubaoni, kila mmoja ana 10. Kwa hesabu hiyo wako sawa. Lakini wa kwanza anahitaji wastani wa mirusho 4.41 ya dadu kumaliza, na wa pili anahitaji 1.85.

Ndiyo sababu anayeamua kwa kuhesabu hatua peke yake hupoteza michezo aliyostahili kushinda. Hatua ni malighafi. Kinachotafutwa ni mirusho: mimi nitamaliza kwa mirusho mingapi, mwenzangu kwa mingapi, na ni zamu ya nani sasa. Makala hii inahusu kipindi cha mwisho cha mchezo, pale ambapo kete za pande zote mbili zimeshapishana, hakuna tena kupigana, na kilichobaki ni kukimbilia nyumbani, yaani kwenye vituo sita vya mwisho, na kutoa kete. Hapo bakgamoni, au taula kama waitavyo Waarabu, hugeuka kuwa hesabu tupu.

Msingi ni namba 36. Dadu mbili zina matokeo 36, si 21. Kosa la kawaida ni kuhesabu 6-4 mara moja. Dadu ya kwanza ikionyesha 6 na ya pili 4, hayo ni matokeo mamoja. Ya kwanza ikionyesha 4 na ya pili 6, hayo ni mengine. Kwa hiyo kila jozi ya namba tofauti ina uzito wa 2, na kila pacha (1-1, 2-2 hadi 6-6) ina uzito wa 1. Pacha ziko sita, na huchezwa mara nne badala ya mara mbili. Ukijumlisha hatua za matokeo yote 36 unapata 294, yaani wastani wa hatua 8.17 kwa kila mrusho.

Anza na kete moja iliyobaki. Ikiwa kwenye kituo cha 1, 2 au 3, itatoka kwa mrusho wowote. Ikiwa kituo cha 4, itatoka kwa matokeo 34 kati ya 36, kwa sababu 2-1 pekee ndiyo haitoshi. Kituo cha 5 ni 31. Kituo cha 6 ni 27, yaani robo tatu kamili, na hapo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kete moja iliyobaki ni ushindi uliokwisha kupatikana.

Kete mbili ndizo zenye mafunzo mengi. Chukua hatua 7 zilizogawanyika kwa njia tatu. Kete kwenye 6 na 1 zitatoka zote kwa matokeo 15. Kete kwenye 4 na 3 zitatoka kwa 17. Kete kwenye 5 na 2 zitatoka kwa 19. Hatua ni zilezile, ila kati ya mgawanyo mbaya na mzuri kuna tofauti ya matokeo 4 kati ya 36, zaidi ya asilimia 11. Hatua 8 nazo ni hivyohivyo: 4 na 4 ni matokeo 11, 6 na 2 ni 13, 5 na 3 ni 14.

Namba hizi hazihitaji kukaririwa kama sala, kwa sababu unaweza kuzitengeneza papo hapo. Kwa 5 na 2, jiulize kwanza jozi zisizo pacha: dadu moja lazima iwe 5 au 6, na nyingine iwe 2 au zaidi. Hizo ni 5-2, 5-3, 5-4, 6-2, 6-3, 6-4 na 6-5. Jozi saba, uzito 14. Kisha pitia pacha moja moja. 6-6, 5-5 na 4-4 zinatosha. 3-3 inatosha, kwa kuwa kete ya 5 inahitaji mara mbili na ya 2 mara moja. 2-2 inatosha kwa shida: mara tatu kwa kete ya 5, mara moja kwa kete ya 2. 1-1 haitoshi. Pacha tano na 14 ni 19. Ukizoea, zoezi hili halichukui sekunde kumi.

Faida yake inaonekana pale unapolazimika kucheza 1 ya mwisho kabla ya kumwachia mwenzako zamu. Una kete kwenye 6 na 2. Ukisogeza ya 6 kwenda 5, unabaki na 5 na 2, matokeo 19. Ukisogeza ya 2 kwenda 1, unabaki na 6 na 1, matokeo 15. Sogeza ya nyuma, basi. Lakini usiifanye kuwa kanuni! Ukiwa na kete kwenye 5 na 3, kusogeza ya nyuma kunakuacha na 4 na 3, matokeo 17, na kusogeza ya mbele kunakuacha na 5 na 2, matokeo 19. Hapa ya mbele ndiyo sahihi. Kinachoamua ni hesabu, na macho hudanganya.

Sasa muingize mpinzani. Kanuni ya mbio ni moja: mwenye zamu hushinda ikiwa mirusho yake haizidi ya mwenzake. Akihitaji miwili na mwenzake miwili, mwenye zamu ndiye mshindi. Kwa hiyo unahitaji orodha mbili fupi: uwezekano wangu wa kumaliza kwa mrusho mmoja, miwili, mitatu, na uwezekano wa mwenzangu vilevile. Kisha unazidisha na kujumlisha.

Mfano. Una kete kwenye 6 na 4, ni zamu yako. Mpinzani ana kete nne kwenye kituo cha 1. Utamaliza kwa mrusho mmoja mara 8 kati ya 36, yaani asilimia 22.2. Ukipiga hesabu ya kila mrusho unaokosa na kucheza vizuri kinachobaki, utahitaji mirusho miwili barabara kwa asilimia 70.6, na zaidi ya miwili kwa asilimia 7.2. Mpinzani atamaliza kwa mrusho mmoja akipata pacha, asilimia 16.7, vinginevyo kwa miwili. Basi nafasi yako ni hii: 22.2 za moja kwa moja, ukiongeza 70.6 mara tano ya sita, ambazo ni 58.8. Jumla asilimia 81. Ile sehemu ya 7.2 haikupi kitu, kwa kuwa mpinzani hawezi kuvuka mirusho miwili.

Ukiangalia hesabu hiyo ya mirusho inayokosa utaona kitu ambacho wengi hukikosa. Ukitupa 3-1 ukiwa na 6 na 4, kishawishi ni kusogeza kete zote mbili ili zikae vizuri. Njia bora ni kutumia hatua zote nne kuitoa kete ya 4, ubaki na moja tu kwenye 6, yenye matokeo 27. Mgawanyo mzuri kuliko wote wa hatua 6 katika kete mbili ungekupa 23 tu.

Kuna aina moja ya mbio ambayo hesabu yake ni rahisi kuliko zote, nayo hutokea mara nyingi: pande zote mbili zimebakiwa na kete kwenye kituo cha 1 tu, au zilizo karibu nacho kiasi kwamba kila mrusho hutoa kete mbili na pacha hutoa nne. Hapo husemi hatua, unasema mirusho. Kila upande ukihitaji mirusho miwili, mwenye zamu hushindwa kwa njia moja tu: yeye akose pacha (5/6) na mpinzani aipate (1/6). Hiyo ni 5/36, kwa hiyo mwenye zamu ana asilimia 86.1. Kila upande ukihitaji mitatu, ni asilimia 78.8. Minne kwa minne, 74.5. Namba hizi tatu zinafaa kukaa kichwani, kwa sababu zimekaa pande zote mbili za mpaka muhimu kuliko yote katika mchezo huu wa madau.

Mpaka huo unatokana na dadu ya dau, ile kubwa yenye 2, 4, 8, 16, 32 na 64, iliyobuniwa New York katika miaka ya 1920. Kabla ya kurusha, mwenye zamu anaweza kutaka dau liwe maradufu. Mwenzake ama anakataa na kulipa dau lililopo, ama anakubali, anaichukua dadu ile, na kuanzia hapo ni yeye peke yake mwenye haki ya kuipandisha tena. Akubali lini? Fikiria michezo minne ya hali ileile. Akikataa yote, anapoteza 4. Akikubali yote na kushinda mmoja tu, anapata 2 na kupoteza mara tatu 2, yaani anabaki na hasara ya 4 ileile. Kwa hiyo asilimia 25 ndiyo sakafu: chini yake kataa, juu yake kubali.

Rudi sasa kwenye mirusho. Mitatu kwa mitatu inampa mpinzani asilimia 21.2, na dadu ya dau haitamsaidia baadaye, kwa hiyo akatae. Minne kwa minne inampa 25.5, akubali. Tofauti ni mrusho mmoja tu kila upande, na uamuzi umegeuka.

Katika mbio ndefu sakafu hushuka kidogo, kwa sababu anayekubali anapata dadu ya dau na ataweza kuitumia wakati bahati ikimgeukia. Emmett Keeler na Joel Spencer walionyesha mwaka 1975 kwamba katika mchezo wa kufikirika ambao nafasi hubadilika kidogo kidogo bila kuruka, anayekubali anahitaji asilimia 20 tu. Bakgamoni halisi huruka, pacha moja hubadili kila kitu, kwa hiyo katika mbio za hatua mia hivi mpaka huwa karibu na 22.

Mbio hizo ndefu huwezi kuzihesabu mrusho kwa mrusho. Hapo hatua hurudi kazini, ila kwa masahihisho. Kanuni ya zamani, nayo nzuri, ni ya 8, 9 na 12. Chukua hatua za mwenye zamu. Mpinzani akiwa nyuma kwa asilimia 8 au zaidi ya hatua hizo, pandisha dau kwa mara ya kwanza. Kama dadu ya dau iko mikononi mwako tayari, subiri afikie asilimia 9. Mpinzani naye akubali mpaka asilimia 12. Ukiwa na 100, basi: 108 pandisha, 109 pandisha tena, 112 ndiyo mwisho wa kukubali.

Ukitaka nafasi yenyewe kwa asilimia, tumia kipimo cha Danny Kleinman. Toa hatua zako katika za mpinzani, ongeza 4, zidisha jibu kwa lenyewe. Kisha jumlisha hatua za wote wawili, punguza 4. Gawanya la kwanza kwa la pili. Zile 4 ni thamani ya kuwa na zamu, yaani nusu ya mrusho wa wastani. Jibu likiwa 0.25, nafasi yako ni kama asilimia 64. Likiwa 0.5 ni 69. Likiwa 1 ni 76. Likiwa 1.2 ni 78, na hapo mpinzani yuko ukingoni. Likiwa 2 ni 84. Jaribu 100 kwa 112: tofauti 12, ongeza 4 upate 16, mara yenyewe ni 256, jumla 212 ukitoa 4 ni 208, jibu 1.23. Asilimia 78 na kitu. Kanuni ya 12 na kipimo cha Kleinman zimekutana palepale, na hilo si la bahati.

Zote mbili hudhani kwamba kete zimekaa vizuri. Zisipokaa vizuri hatua hupotea. Kete iliyo kwenye kituo cha 1 inahitaji hatua moja kutoka, lakini hula nusu ya mrusho mzima, hata dadu hiyo ikiwa 6. Kituo kilicho wazi nacho hupoteza: ukitupa 5 wakati huna kete kwenye 5 na bado unayo kwenye 6, unasogeza tu, hutoi. Walter Trice aliupima upotevu huu kwa kuzidisha wastani wa mirusho inayohitajika kwa 8.17, ili kupata hatua halisi. Zile kete kumi kwenye kituo cha 1 zina hatua 10 za kuhesabu na 36 halisi. Zile mbili kwenye 6 na 4 zina 10 za kuhesabu na 15 halisi. Kwa rundo la kituo cha 1 kuna njia ya mkato: mirusho inayohitajika bila pacha, mara 7, ongeza 1. Mitano mara 7 ni 35, ukiongeza 1 unapata 36.

Mezani, mbele ya mpinzani anayesubiri, masahihisho ya Tom Keith ndiyo tunayoyapendekeza, kwa kuwa hayahitaji zaidi ya kujumlisha. Kwa kila upande anza na hatua. Ongeza 2 kwa kila kete inayozidi moja kwenye kituo cha 1. Ongeza 1 kwa kila kete inayozidi moja kwenye kituo cha 2. Ongeza 1 kwa kila kete inayozidi tatu kwenye kituo cha 3. Ongeza 1 kwa kila kituo kitupu kati ya 4, 5 na 6. Kisha, kwa mwenye zamu peke yake, ongeza moja ya saba ya hesabu yake, ukiacha sehemu isiyotimia. Linganisha. Hesabu ya mwenye zamu ikizidi ya mpinzani kwa 4 au pungufu, apandishe dau. Kama dadu ya dau ni yake, iwe 3 au pungufu. Mpinzani akubali ikiwa ziada hiyo ni 2 au zaidi.

Tuijaribu. Una kete tano kwenye 6, nne kwenye 5, tatu kwenye 4, mbili kwenye 3 na moja kwenye 2. Hatua 70, na huna cha kusahihisha. Moja ya saba ni 10, jumla 80. Mpinzani ana kete moja kituo cha 9, moja cha 8, sita kwenye 6, nne kwenye 4 na tatu kwenye kituo cha 1. Hatua 72. Anakuzidi kwa 2 tu, na kanuni ya asilimia 8 ingekwambia usubiri. Lakini kete mbili za ziada kwenye kituo cha 1 zinaongeza 4, na kituo cha 5 kitupu kinaongeza 1. Amefika 77. Wewe 80, ziada 3: pandisha dau, hata kama dadu ni yako tayari. Mpinzani akubali. Weka 70 na 77 katika kipimo cha Kleinman na utapata kama asilimia 74, jambo linalokubaliana na uamuzi huo.

Yanayoharibu hesabu mezani ni machache na hujirudia. La kwanza ni kuhesabu baada ya kurusha na kusahau kwamba kipimo kinataka hatua za kabla ya mrusho. La pili ni kumpa moja ya saba asiye na zamu. La tatu, na ndilo zito, ni kupeleka kanuni ya 8, 9 na 12 kwenye mbio fupi. Hatua za pande zote zikishuka chini ya 30 hivi, mgawanyo wa kete unakuwa na nguvu kuliko hatua, na lazima urudi kwenye mirusho na matokeo 36.

Programu kama GNU Backgammon hazikisii sehemu hii. Kete zisizozidi 15 katika vituo sita vya nyumbani zina mipangilio 54,264 tu, na mirusho ya kila mpangilio imekwisha kuhesabiwa na kuhifadhiwa. Kwa kete zisizozidi sita kila upande, mipangilio ni 924 kwa kila mchezaji, jozi 853,776, na programu ina jibu kamili la kila jozi pamoja na uamuzi wa dau. Ndiyo njia bora ya kujipima: panga hali ubaoni, andika asilimia yako, kisha uifungue programu.

Iko hali moja inayofaa kuanza nayo, kwa sababu inaonyesha kwamba asilimia peke yake haiamui. Una kete kwenye 5 na 2, ni zamu yako. Mpinzani ana kete kwenye 4 na 1, ambazo zitatoka kwa matokeo 29. Unashinda mara moja kwa 19/36. Ukikosa, mpinzani naye anakosa kwa 7/36, na mrusho wako wa pili karibu kila mara unamaliza. Jumla ni asilimia 61.9. Je, upandishe dau?

Kama dadu ya dau iko katikati, yaani bado haijachukuliwa na yeyote, ndiyo. Ukikosa mpinzani ataipandisha kwa vyovyote, na wewe ukiwa na asilimia 19.4 utalazimika kukataa. Zile asilimia 9 za mrusho wako wa pili huzipati kamwe, umebaki na 19 dhidi ya 17. Ukipandisha, faida yako ya wastani ni 0.11 ya dau la awali. Usipopandisha ni 0.06.

Kama dadu ni yako, hapana. Ukiishikilia, mpinzani hawezi kukutoa mchezoni ukikosa, kwa hiyo asilimia 61.9 zote ni zako, na faida ni 0.24 ya dau lililopo. Ukipandisha unamkabidhi silaha ya kukufukuza, na faida inashuka hadi 0.11.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: kete ya mpinzani ya kituo cha 4 iwe kwenye 6. Matokeo yake yanashuka kutoka 29 hadi 15, na nafasi yako inapanda hadi asilimia 80.1. Ukikosa hatakuwa na nguvu ya kukupandishia, kwa kuwa ana chini ya nusu. Hapa pandisha dau hata kama dadu ni yako, na mpinzani mwenye asilimia 19.9 akatae.